Giza Likiisha, Ada Ipo Palepale

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26. Nasoma stashahada ya uuguzi na ukunga, mwaka wa pili, katika chuo cha binafsi hapa Mwanza. Nimepanga chumba Igoma. Mtoto wangu wa miaka minne anakaa na mama Sengerema. Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu, kwa hiyo anayeniinua kwenye ada ni mjomba, analima pamba Kwimba.

Shangazi, nimechoka. Nisikuzungushe, niseme kilichonifanya niandike. Wiki mbili zilizopita nilikuwa wodini kwa mazoezi, zamu ya asubuhi. Usiku wake nilikuwa nimekesha kazini. Nikapima presha ya mama wa kitanda cha saba, nikaenda kuiandika kwenye kadi ya mama wa kitanda cha tisa. Wa saba presha yake ilikuwa juu, wa tisa alikuwa anasubiri kuruhusiwa. Sista wa wodi ndiye aliyeona. Hakunigombeza. Alinitazama tu, akaniuliza, "Mwanangu, umelala saa ngapi jana?" Nikasema saa nne usiku. Nilimdanganya, sikuwa nimelala kabisa.

Kazi yenyewe ni hii. Usiku tatu kwa wiki nakaa kwenye zahanati moja ya mtu binafsi, naingia saa mbili usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Nalipwa 10,000 kwa usiku. Nilianza kama mtu wa mapokezi, nafungua mafaili na kupokea pesa. Siku hizi nesi wao akichoka au asipokuja, mwenye zahanati ananiambia, "Si unasomea? Choma sindano." Nimechoma. Dripu pia nimeweka. Sasa anataka nishike zamu tano kwa wiki kama nesi kamili, atanipa 200,000 kwa mwezi. Kwangu hizo ni pesa nyingi.

Pembeni nauza dagaa wa kukaanga. Nanunua soko la Kirumba Mwaloni, nakaanga na pilipili na limao, natia kwenye vikopo vya elfu moja, wanafunzi wenzangu na watu wa ofisini wananunua. Wiki za giza, zile zisizo na mbalamwezi, mitumbwi ikiingia imejaa, napata faida ya kama 25,000 kwa wiki. Mbalamwezi ikitoka bei inapanda na nikijitahidi sana napata 10,000. Baba wa mtoto naye ni mvuvi, yuko kisiwani Ukerewe. Giza likiwepo anatuma, tuseme 50,000. Giza likiisha na simu yake inazimika.

Matumizi yangu kwa mwezi: chumba 35,000, nauli ya daladala 29,000, chakula 90,000, pesa ya mtoto 40,000. Tuna mchezo wa kupeana pesa kwa zamu darasani, watu kumi, kila mmoja 10,000 kwa wiki, kwa hiyo 40,000 kwa mwezi. Mimi ni namba tisa.

Halafu kuna deni. Ada yetu ni 1,400,000 kwa mwaka. Mjomba alinitumia 700,000 mwaka jana mwezi wa saba baada ya kuuza pamba, akatuma kwenye simu yangu. Chuo kilifunguliwa mwezi wa kumi. Katikati hapo mtoto aliumwa, kodi ya chumba ikataka miezi mitatu, nikafika chuoni na 450,000. Mwezi wa nne mwaka huu wakakataa kunisajili muhula wa pili. Nikaenda kwa mama mmoja anayekopesha, mikopo hii tunayoiita kausha damu. Akanipa 300,000, nirudishe 45,000 kila Ijumaa kwa wiki kumi. Amechukua cheti changu halisi cha kidato cha nne. Nimeshalipa wiki nne. Chuo bado kinanidai 650,000 kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Nimekosa pia siku sita za wodi, na mwalimu wa vitendo amesema nisipozifidia sitafanya mtihani.

Rafiki yangu ananishauri nipakue programu ya mikopo kwenye simu nimalizane na yule mama. Mama yangu anasema niahirishe mwaka, nifanye kazi, nirudi nikiwa na pesa. Mimi moyo unaniambia nikubali zile zamu tano. Nifuate lipi?

Mwanao, Igoma.

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, maana umeniandikia hesabu na hesabu zina tabia ya kusema yale ambayo mwenyewe hakukusudia kuyasema. Nitafika kwenye hesabu. Kwanza wodi.

Nimefanya uuguzi miaka zaidi ya thelathini na kidogo nimefundisha. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa nashona vitambaa vya makochi usiku, nauza sokoni Jumamosi. Siku moja, zamu ya usiku, nilikaa kwenye kiti karibu na mzee mmoja aliyekuwa na dripu, nikajiambia nafunga macho dakika moja. Niliposhtuka chupa ilikuwa imekauka na damu imeshapanda kwenye mpira. Mzee alikuwa macho, ananiangalia. Akasema, "Nilikuhurumia kukuamsha." Mgonjwa ndiye aliyenihurumia mimi! Hakudhurika, lakini kitambaa cha kochi sikushona tena mpaka nilipomaliza chuo. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliyezaliwa na nidhamu.

Yule sista aliyekuuliza umelala saa ngapi alishajua jibu. Mtu aliyekesha anajulikana kwa macho, na kwa namna anavyoandika tarakimu. Rudi kwake umwambie ukweli, hata kwa maneno mawili. Huyo anaweza kukusaidia na zile siku sita kuliko unavyodhani, maana yeye ndiye anayejua wodi ipi ina nafasi ya mwanafunzi na siku gani.

Sasa zahanati. Hapa sitabembeleza. Acha kuchoma sindano leo, usisubiri kesho. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka mtu awe amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na ana leseni ndipo ajiite muuguzi na kufanya kazi hiyo. Wewe ni mwanafunzi. Unachoruhusiwa kumfanyia mgonjwa unakifanya chini ya msimamizi, mahali ulipopangiwa na chuo. Pale zahanati usiku wa manane nani anakusimamia, paka?

Fikiria jambo moja tu. Anakuja kijana ana kidonda, ameandikiwa penisilini. Unachoma. Baada ya dakika tano midomo inavimba, anashindwa kupumua, presha inaporomoka. Umeshafundishwa kuwa hapo anahitaji adrenalini mara moja. Je, ipo kwenye kabati hilo? Uliangalia kabla ya kuingia zamu? Na yule kijana akifia mikononi mwako, kwenye karatasi za zahanati jina lako halipo. Mwenye zahanati atasema huyu ni binti wa mapokezi, sijui alichukua wapi sindano. Mbele ya wagonjwa anakuita nesi, siku ya malipo anakulipa kama mlinzi, na siku ya balaa atakukana kabisa. Ukishamaliza chuo utahitaji Baraza hilohilo likupe mtihani na leseni. Usiende kwao na kesi mkononi.

Hizo 200,000 unaziona nyingi kwa sababu hujazigawanya. Zamu tano kwa wiki ni kama ishirini kwa mwezi, kila moja saa kumi. Ni shilingi 1,000 kwa saa. Wodini utakuwa unaingia saa ngapi, na kusoma saa ngapi? Kabla ya Krismasi utakuwa na sapu tatu, mitihani ya kurudia, au umedisko, yaani umeondolewa chuoni, halafu huyo bosi atatafuta mwanafunzi mwingine wa mwaka wa pili.

Na hizi za sasa nazo tuzigawanye. Unasema usiku kumi na mbili unakupa 120,000. Lakini kwenye matumizi hukuandika bodaboda wala chakula cha usiku. Mimi najua saa mbili usiku kutoka Igoma hutembei kwa miguu, na najua saa nane za usiku tumbo linataka chai na chapati. Tuweke bodaboda 2,000, chakula 2,000. Usiku kumi na mbili, hizo ni 48,000. Unabaki na 72,000 kwa saa 120. Ni shilingi 600 kwa saa, mwanangu. Unauza saa nzima ya usingizi wako kwa nauli ya daladala ya safari moja.

Ukizijumlisha zako zote, kipato ni 240,000: usiku, dagaa, baba mtoto. Matumizi uliyoandika ni 234,000. Ukiongeza hizo 48,000 ulizozisahau, 282,000. Kisha yule mama wa kausha damu anachukua 180,000 kwa mwezi. Wewe umekuwa ukijiona hujui kutumia pesa. Unajua vizuri tu, maisha yako ya kawaida karibu yanajilipa yenyewe. Kinachokuua ni kwamba pesa zako zinafika wakati usio wake. Ya mjomba inafika mwezi wa saba, chuo kinaitaka mwezi wa kumi. Ya dagaa na ya mvuvi wako zinafuata giza, mwenye nyumba anafuata kalenda. Katikati ya hizo nyakati ndipo alipokaa yule mama na 300,000 zake, na ukimlipa zote atakuwa amekula 150,000 kwa wiki kumi. Nusu ya ulichokopa!

Kwa hiyo tumalizane naye kwanza. Unadaiwa 270,000. Usipakue programu yoyote ya mkopo kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha kidijitali bila kibali, na watu wengi walishaona cha moto: ukichelewa siku moja, wanaandikia kila jina lililomo kwenye simu yako kuwa wewe ni tapeli. Mwalimu wako wa vitendo yumo kwenye simu hiyo, sivyo? Kuzima moto kwa moto mimi sikuelewi.

Fanya hivi. Nenda kwa kijumbe wa mchezo wenu, yule anayekusanya pesa, omba kubadilishana namba na mtu ambaye zamu yake iko karibu. Kwenye watu kumi hakosekani mmoja anayetaka kupokea mwishoni, wapo wanaopenda hivyo ili pesa isiwashawishi mapema. Mweleze ukweli kwamba ni deni, usitunge msiba. Ukipata hiyo 100,000, ipeleke yote kwa yule mama, lakini usiende peke yako. Pitia ofisi ya serikali ya mtaa, mwombe mwenyekiti au mjumbe akusindikize, mkaandike mbele yake kuwa umelipa kiasi gani, kimebaki 170,000, utamaliza tarehe fulani, na cheti kinarudi siku hiyo. Muulize pia kwa upole kama ana leseni ya kukopesha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamhusu hata mtu mmoja anayekopesha kwa biashara, na ukomo wa riba uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa namna hiyo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 na miezi miwili na nusu, hiyo ingekuwa kama 26,000. Silengi uanzishe ugomvi. Nataka tu yule mama ajue kwamba unajua; wakopeshaji wa mtaani husikiliza vizuri zaidi wakimwona mjumbe amekaa kwenye benchi.

Na cheti hicho kitafute kama unavyomtafuta mtoto aliyepotea. Bila cheti cha kidato cha nne, makaratasi ya leseni hayatakwenda popote.

Hiyo 170,000 itoke wapi? Kwa mjomba. Msimu wa pamba ndio unafunguliwa, na mwaka huu pesa yake isipite kwenye simu yako hata kidogo. Sikutukani, simu ya mtu yeyote mwenye mtoto na kodi ni ndoo iliyotoboka. Mpigie, au bora zaidi uende Kwimba Jumapili moja ukae naye chini ya mwembe, umweleze kila kitu, pamoja na kausha damu. Atafoka. Mwache afoke, ana haki, jasho la pamba analijua yeye. Akishanyamaza, mwombe 700,000 azigawe mara mbili: 170,000 zimalize deni la yule mama mbele ya mjumbe, na 530,000 azilipe mwenyewe chuoni kwa namba ya malipo ambayo utamtumia, risiti ibaki kwake. Hapo chuo kitakuwa kinakudai 120,000.

Najua utasema, Shangazi, si bora zote 700,000 ziende chuoni? Hapana. Mkopeshaji anataka 45,000 kila Ijumaa, na cheti chako ameshika yeye. Chuo hakikutozi riba, kinakuzuia tu kufanya mtihani, na hilo linazungumzika kama ukienda mapema na karatasi. Wanafunzi wengi humwogopa mhasibu wa chuo kuliko wanavyomwogopa daktari bingwa. Wanakwenda kwake siku mbili kabla ya mtihani, wanalia, naye amezoea vilio. Wewe nenda wiki hii. Pitia kwa mlezi wa wanafunzi kwanza, mweleze una mtoto na baba amefariki, kisha mwende kwa mhasibu na barua ya ukurasa mmoja: nadaiwa kiasi hiki, mjomba atalipa kiasi hiki akiuza pamba, kilichobaki nitalipa mara tatu, 40,000 kila mwezi. Omba wakugongee mhuri wa kupokea, ubaki na nakala. Mhasibu mwenye barua mkononi ana kitu cha kumwonyesha mkuu wa chuo. Mwenye machozi ya mwanafunzi hana kitu.

Turudi kwenye kila mwezi. Usiku unaacha. Mwombe yule bosi siku mbili za mchana, Jumamosi na Jumapili, mapokezi tu: mafaili, pesa, simu. Mwambie kwa kinywa chako kwamba sindano hushiki tena hadi uwe na leseni. Akikubali kwa 8,000 kwa siku, hizo ni 64,000, na unakwenda kwa daladala. Akikataa, basi ujue alikuwa anakuhitaji kwa sindano, ukatafute mapokezi kwingine. Mwanza haina uhaba wa maduka yanayotaka binti mwaminifu wikendi, ila lile la dawa muhimu likikuambia uchome sindano huko nyuma ya pazia, toka. Hayo hayaruhusiwi kuchoma.

Chumba tafuta mwenzako wa darasani mgawane, 17,500 kila mmoja. Chakula mpike pamoja. Unauza dagaa halafu unakula 3,000 kwa siku kwa mama ntilie? Unga, dagaa, mchicha, maharage ya Jumapili yanayokwenda hadi Jumatano: mkiwa wawili 55,000 kwako inatosha. Nauli ya chuo 29,000, ya wikendi kama 10,000. Mtoto 40,000, mchezo 40,000. Jumla ni karibu 191,000. Kipato kipya ni 64,000 za wikendi, 70,000 za dagaa na 50,000 za mvuvi, yaani 184,000. Pengo ni elfu saba. Zile 40,000 za chuo kwa miezi mitatu zitaleta ubishi, sikufichi, na hapo likizo ndipo utakapofanya kazi siku nyingi. Lakini pengo la elfu saba mtu analala nalo usiku, na kulala ndiko tunakokutafuta.

Zile siku sita za wodi zikiangukia wikendi, wikendi hizo usiende zahanati. Utapoteza 48,000. Zipoteze. Hakikisha kila siku uliyofidia inasainiwa siku hiyohiyo kwenye kitabu chako cha mazoezi, usiache zikusanyike, wasimamizi wanahamishwa wodi.

Dagaa ndio ninaowaamini zaidi katika barua yako yote, na nadhani wewe unawachukulia kama mchezo. Unanunua kidogokidogo kila wiki, kwa hiyo mbalamwezi inakukuta huna kitu na bei imepanda. Wiki za giza nunua wakavu wa kukutosha hadi giza lijalo. Chagua waliokaushwa kwenye chanja, waache wa mchangani hata kama ni rahisi, mteja akisaga mchanga kwenye meno mara moja harudi. Wahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pakavu. Huu ni mwisho wa masika na dagaa aliyepata unyevu ananuka kabla hujamkaanga. Kaanga unachouza wiki hiyo tu. Wauzaji wa Mwaloni wanafanya hivyohivyo, ndiyo maana mbalamwezi wao wanacheka.

Mwaka wa tatu je? Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani, na afya ni mojawapo. Soma mwongozo wa mwaka huu neno kwa neno uone kama mwanafunzi wa hatua yako na chuo chako mnaingia. Usingoje dirisha lifunguliwe ndipo uanze kuhangaika na makaratasi: cheti chako cha kuzaliwa na cha kifo cha baba vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, sasa, na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, uwe nayo. Kila mwaka wapo yatima wanaokosa bumu, yaani pesa za mkopo huo, kwa sababu tu uhakiki ulichelewa. Ni mkopo pia, ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, lakini unakatwa ukiwa na mshahara, na hakuna anayeshika cheti chako.

Mama yako anasema uahirishe. Nampa heshima yake, anaona unakonda. Ila nimeona wengi waliosema wanakwenda kutafuta pesa mwaka mmoja. Pesa ikipatikana mtoto anakua, mdogo wako anaingia kidato cha kwanza, nyumba ya mama inavuja, na mwaka unakuwa minne. Ahirisha kwa sababu moja tu: chuo kikikuambia rasmi kwamba siku za wodi haziwezi kufidiwa kabla ya mtihani. Hapo andika barua ya kuahirisha, ijibiwe kwa maandishi, inayosema unarudi muhula gani. Usipotee kimyakimya. Anayepotea bila barua hurudi akakuta jina halipo.

Kuhusu mtoto, nina neno dogo. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 najua Sengerema imekuwa karibu, unakwenda na kurudi siku moja bila kungoja kivuko. Nenda mara moja kwa mwezi, ukiwa umelala. Mtoto wa miaka minne akikuona unasinzia kwenye mkeka anaona kama hujafika.

Na baba yake mwambie hivi, kwa upole: asitume kwako, atume kwa bibi yake mtoto, ihesabiwe kwenye ile 40,000 unayompelekea, 10,000 kila wanapouza mzigo wakati wa giza, asingoje apate 50,000 nzima. Simu yake inazimika mbalamwezi kwa sababu anaona aibu kupokea akiwa hana kitu, wavuvi nawajua. Giza la mwezi huu linaanza lini, wewe na yeye mnalijua kuliko mimi. Mpigie kabla.